Waya za Eino Rautio

Mwaka 1988 nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na katika chuo chetu kidogo magharibi mwa Duluth hapakuwa na mtu aliyeijua kompyuta ya idara kuliko mimi. Si sifa kubwa. Tulioruhusiwa kuigusa tulikuwa wawili tu, na huyo wa pili, Profesa Wendell Strand, akiona maneno asiyoyaelewa kwenye kioo alikuwa anatoka chumbani polepole na kuja kunitafuta. Jina langu ni Marlys Dahlgren. Baba yangu alikamua ng'ombe maisha yake yote, na mimi ndiye wa kwanza kwetu kulipwa kwa kazi ya kukaa kitini. Labda ndiyo sababu niliogopa mno kuonekana kwamba kuna kitu sikijui.

Kompyuta yetu ilikuwa ya mfumo wa Unix. Kila siku, alfajiri na tena saa sita mchana, ilizipigia simu kompyuta za shule kumi na nne za kaskazini, moja baada ya nyingine, ili kupelekeana barua. Kila upande ulikuwa na modemu, kisanduku kinachogeuza maandishi kuwa milio ya simu na milio kuwa maandishi tena. Yetu inapiga, ya shule inapokea, zinasalimiana, zinapeana neno la siri. Kisha yetu inatoa barua zake zote. Ikishamaliza ndipo inaiachia ya shule zamu nayo itoe zake, halafu zinaagana na simu inakatwa. Ndivyo mambo yalivyokuwa siku zile, na sisi tuliona ni maajabu.

Shule ya mbali kuliko zote ilikuwa Kettle Bay, kule juu ufukweni mwa Ziwa Superior, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari barabara ikiwa safi. Aliyeitunza kompyuta ya kule alikuwa mwalimu wa fizikia, Eino Rautio, mzee wa asili ya Kifini, wa miaka sitini na mitatu, ambaye ujanani alikuwa fundi wa nguzo za simu. Kompyuta yenyewe aliiokota kwenye mali iliyotupwa na kampuni fulani, akaifufua. Haikuwa na kebo ya kuiunganisha na modemu, kwa hiyo akaketi akalehemu yake mwenyewe, waya kwa waya. Modemu yake nayo ilikuwa ya zamani, na kwa ajili yake peke yake niliitengea modemu yetu ya kwanza. Shule nyingine kumi na tatu zilitumia ya pili.

Kiwanda cha chuma cha Kettle Bay kilikuwa kimefungwa, na vijana wa mji walikuwa wametawanyika hadi Texas na California kutafuta kazi. Kila Alhamisi alasiri Eino alifungua chumba cha kompyuta ili wazazi waje kuwaandikia watoto wao, na barua hizo zilipita kwetu kwenda huko mbali. Kati ya waliokuja alikuwako mjane mmoja, Aili Impola, ambaye mwanawe Raymond alikuwa Houston. Hao wawili wakizungumza kwa simu hawakumaliza dakika tano bila kugombana, na tangu walipomzika baba hawakuwa wamezungumza kabisa. Kwa maandishi waliwezana. Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule Aili kwangu alikuwa jina tu linalopita kwenye kumbukumbu za mashine.

Katikati ya Novemba, Kettle Bay ikaacha kupokea. Simu ilipigwa, ikapokelewa, salamu zikaenda, neno la siri likakubaliwa, barua ya kwanza ikaanza kutoka, kisha kimya. Baada ya dakika kadhaa mashine yetu ilikata tamaa na kukata simu. Mchana hivyo, alfajiri hivyo, na siku iliyofuata hivyo hivyo. Na kwa kuwa yetu haikumaliza kutoa zake, ya Eino haikupata zamu hata mara moja. Barua zikalundikana pande zote mbili.

Nilimpigia Eino simu. Alikuwa ameshaona.

"Inaingia vizuri tu," alisema. "Inabisha hodi, inakaribishwa, inakaa, halafu inanyamaza kama mgeni aliyesahau kilichomleta."

"Ni kebo yako hiyo," nilimwambia. "Kitu cha kutengeneza kwa mkono."

"Kweli ni ya mkono. Ila imefanya kazi miezi kumi na minne."

"Kila kitu hufanya kazi, Eino, mpaka siku kinapoacha."

Alicheka, akaahidi kuilehemu upya. Akafanya hivyo. Haikusaidia. Siku iliyofuata aliufuata waya wa simu kutoka chumbani hadi kwenye nguzo ya nje, theluji ikiwa magotini, akafungua kila kiungio na kukisafisha kutu. Haikusaidia. Akamwita mtu wa simu aje kuipima laini, akaambiwa laini ni tulivu kama kanisa siku ya Jumatatu. Akatengeneza kebo ya pili, kisha ya tatu. Kila mchana alikaa mbele ya kioo chake na mimi mbele ya changu, tukizungumza kwenye laini nyingine, akinisomea alichokiona, vipande vya barua vinavyoitwa pakiti: pakiti ya tatu imefika, ya nne imefika, ya tano imefika, kimya.

Wiki ya pili aliniambia jambo ambalo nalikumbuka neno kwa neno.

"Marlys, mashine yangu inajibu. Taa ya kutoa naiona inawaka. Ni kama yako haisikii." Akakohoa kidogo. "Samahani kuuliza, na upande wako umeangalia?"

"Upande wangu unapigia shule nyingine kumi na tatu kila siku," nilisema, "na zote ni nzima. Sasa wewe niambie mgonjwa nani."

"Basi ni mimi," alisema Eino, na hakuuliza tena.

Nilichomwambia kilikuwa kweli, lakini zile kumi na tatu zilipita kwenye modemu ya pili. Modemu ya kwanza ilikuwa yake peke yake. Mtu yeyote mwenye akili angejaribu kubadilishana hizo modemu mbili, kazi ya robo saa. Siwezi kusema wazo hilo halikunijia. Lilinijia, nikalipita kama unavyompita mtu barabarani usiyetaka kumsalimia.

Jambo jingine nililofanya nalo lilionekana jema. Kwa kawaida barua ikikaa wiki moja bila kufika, mashine huirudisha kwa aliyeiandika ili ajue. Mimi nilizima utaratibu huo kwa ajili ya Kettle Bay, nikijiambia kwamba nawaondolea watu usumbufu, kwani tatizo litaisha kesho au keshokutwa. Kwa hiyo kila aliyeandika aliamini barua yake imefika.

Tarehe mbili Desemba, nikiwa nimechoka kuulizwa na Profesa Strand kila asubuhi, niliandika barua kwa shule zote. Nakala ninayo mpaka leo. Nilisema Kettle Bay imekatika kwa sababu ya kebo ya kienyeji na mtunzaji aliyependa ufundi wake kuliko ushauri, na kwamba shule nyingine zijifunze kununua vifaa vya dukani. Nilipoituma nilijisikia vizuri, hilo nakiri.

Kettle Bay wenyewe hawakuweza kuipokea, kwa kuwa hawakupokea chochote. Lakini mkuu wa shule moja jirani aliichapa kwenye karatasi na kumpelekea mwenyekiti wa bodi ya shule ya Kettle Bay, bwana mmoja aitwaye Lowell Brandvold. Eino alisoma habari zake mwenyewe kwenye karatasi hiyo, mbele ya bodi, katika kikao cha Desemba. Bodi ikamnyang'anya ufunguo wa chumba cha kompyuta mpaka itakapopatikana kebo ya kununua. Hayo ya barua yangu hakunipigia kuniambia. Alinipigia siku mbili baadaye kuniambia kwamba atakuwa anaomba ruhusa kwa karani kila anapotaka kuingia chumbani, hivyo nisishangae akichelewa.

Krismasi ikapita. Mwaka mpya ukaingia na dhoruba ya theluji iliyokata umeme chuoni, na umeme ulipowaka tena, modemu ya pili haikuamka. Hiyo ilikuwa Jumanne, tarehe tatu Januari. Sikuwa na la kufanya ila kuzihamishia shule zote kumi na tatu kwenye modemu ya kwanza. Saa sita mchana nikaketi kutazama.

Shule ya kwanza: hodi, karibu, neno la siri, kimya. Ya pili: kimya. Ya tatu vilevile. Nilizitazama zote kumi na tatu zikiingia na kunyamaza, kila moja kama Kettle Bay, na kabla ya kufika ya sita uso wangu ulikuwa umeshika moto.

Nilikuwa na daftari ninaloandika kila badiliko ninalofanya. Nililifungua kwenye Novemba. Jumatatu tarehe kumi na nne, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Modemu ya 1, nimewasha alama za simama na endelea. Nimehifadhi." Nikakumbuka yote. Siku ile niliitumia modemu ile kusoma maandishi marefu kutoka kompyuta ya mbali, yakawa yanapita kwenye kioo haraka kuliko macho yangu. Nikaifundisha modemu kwamba nikibonyeza alama fulani isimame, nikibonyeza nyingine iendelee. Kwa mtu anayesoma ni msaada mkubwa. Lakini kompyuta mbili zinapozungumza, alama hiyo ya kusimama hutokea yenyewe katikati ya maneno yao, bila maana yoyote. Modemu yetu ilikuwa ikikutana nayo, inatii, inasimama, inangoja iambiwe endelea. Hakuna aliyekuwa akiiambia. Eino alikuwa akijibu muda wote na sisi tulikuwa tumeziba masikio.

Nilizima alama zile kwa mstari mmoja wa amri. Nikaipigia Kettle Bay. Barua zikaanza kupita, zetu kwao, kisha zao kwetu, mfululizo kwa karibu saa nzima.

Wakati zinapita, niliuchana ukurasa ule wa daftari. Niliuchana taratibu, usiache vipande kwenye mshono, nikaukunja na kuutia mfuko wa koti. Mlango ulikuwa umefungwa na hakuna aliyeniona, lakini nilifanya kama mtu anayetazamwa.

Simu ikalia. Alikuwa Eino, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kukimbia.

"Marlys, zinapita! Asubuhi hii nimefunga kebo ya nne. Karani alinifungulia, nikaifunga, na sasa zinapita."

"Naziona," nilisema.

"Basi ulisema kweli tangu mwanzo. Ilikuwa waya wangu. Naomba radhi. Nimekuchosha wiki saba nzima kwa ubishi wangu wa Kifini."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Palikuwa peupe kabisa, kama mlango ulioachwa wazi. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Usijali, Eino. Yamekwisha."

Alinishukuru. Nikaweka simu chini.

Siku mbili baadaye, Alhamisi, alipiga tena, kunijulisha tu kwamba mambo yanaendelea vizuri. Mwishoni akanisimulia habari za Aili. Mwanzoni mwa Novemba, Aili alikuwa amemwandikia Raymond kumwomba aje Krismasi. Ilimchukua Alhamisi tatu kuandika mistari minne. Jibu la mwanawe liliandikwa tarehe kumi na saba Novemba na lilifika Kettle Bay tarehe tatu Januari. Lilisema: Mama, nitakuja. Nijibu tu kama bado unataka, ninunue tiketi.

"Kwa hiyo hakuja," nilisema.

"Angekujaje? Kila mmoja alidhani mwenzake amenyamaza kwa makusudi. Mama alipika Krismasi nzima, mkate na samaki na yote, asije akaja bila taarifa. Nilimpelekea barua kwa mguu. Aliisoma kizingitini, akanirudishia, akafunga mlango." Eino alivuta pumzi. "Mimi ndiye niliyemwambia aiamini mashine. Na waya ulikuwa wangu. Ana haki."

Jioni hiyo nilipika viazi nikavitazama. Nikaandika barua ya kuungama kwenye kioo, nikaisoma, nikaifuta. Kesho yake nikaandika nyingine, fupi zaidi, nikaifuta pia. Jumatatu nikamwambia Profesa Strand, kwa sababu nilihitaji mtu wa kunikaripia. Alinisikiliza akikoroga kahawa, halafu akatabasamu.

"Imeshapona, sivyo? Basi iache. Hakuna atakayejua, na yule mzee ameshajiona shujaa wa kebo."

Alinigonga begani kidogo, kama mtu anayepokea mwenzake kwenye chama. Nadhani ni mkono ule begani ulionipeleka Kettle Bay. Angenigombeza huenda ningebaki.

Alhamisi tarehe kumi na mbili Januari bodi ya Kettle Bay ilikutana saa kumi alasiri, katika maktaba ya shule. Nilikuwa nimempigia karani kuomba dakika tano. Niliendesha gari ziwa likiwa mkono wa kulia, la kijivu na lenye mvuke, nikiyarudia maneno yangu kwa sauti. Maktabani kulikuwa na wajumbe watano kwenye meza ndefu na wazazi wachache kwenye viti vya watoto. Eino alikuwa amekaa nyuma na kofia mapajani. Hatukuwa tumewahi kuonana. Nilimjua kwa plasta mbili kwenye vidole vya mkono wa kulia, vilivyoungua kwa kulehemu.

Bwana Brandvold aliniita. Maneno yote niliyoyarudia barabarani yalinipotea. Nilitoa ule ukurasa mfukoni, nikaukunjua mezani, nikasema kwamba kebo ya Bwana Rautio haikuwa na kosa lolote, kwamba kosa lilikuwa kwenye modemu ya chuo, kwamba niliyelifanya ni mimi na tarehe ndiyo hiyo hapo kwa mwandiko wangu. Nikasema barua ya Desemba niliiandika bila kuchunguza na kwamba kwa hilo naomba radhi.

Walitazamana. Brandvold akauchukua ukurasa, akausoma bila kuuelewa, akampa jirani yake. Mama mmoja mwenye miwani akauliza, "Kwa hiyo hatuhitaji kununua kebo?" Nikasema hapana. Akaandika kitu. Mwenyekiti akafungua mkoba, akatoa ufunguo na kuusukuma mezani kuelekea upande wa Eino, akasema bodi inasikitika kwa usumbufu. Kisha wakaendelea na habari za boila, tanuri la kupashia shule joto. Yote hayo yalichukua muda wa kuchemsha yai. Nilikuwa nimejiandaa kwa kupigwa mawe, na nilichopata ni boila.

Eino aliuchukua ufunguo, akatoka. Nilimfuata hadi maegesho.

"Kebo ya kwanza ilikuwa nzima," alisema. Hakuwa akiuliza.

"Ilikuwa nzima."

"Nimelehemu nne." Alitazama vidole vyake. "Ya tatu mkono ulianza kunitetemeka. Nilimwambia mke wangu, Lempi, nadhani uzee umefika, siwezi tena kazi niliyoifanya nikiwa na miaka ishirini. Kabla ya Krismasi nikapeleka barua ya kustaafu. Imeshakubaliwa."

"Unaweza kuiondoa. Waeleze."

"Naweza." Alivaa kofia yake, akaivuta hadi masikioni. "Lakini nimeshajiona mzee, Marlys. Hilo mtu akishaliona, kuliacha kuliona ni kazi. Twende, kuna mtu mwingine wa kumwambia."

Nyumba ya Aili Impola ilikuwa mtaa wa pili. Jua lilikuwa limezama nusu saa tu iliyopita. Alifungua mlango kidogo, akamwona Eino na kutaka kuufunga, kisha akaniona mimi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye nywele nyeupe zilizosukwa na kuzungushwa kichwani. Eino akamwambia, "Aili, huyu ni wa chuoni. Ana neno." Aili akatuacha tuingie. Mtu wa kule hawezi kukuacha kwenye baridi hata kama anakuchukia. Akamimina kahawa vikombe vitatu, akakata mkate mtamu wa iliki, akaketi.

Nilimweleza. Safari hii niliweza, kwa sababu alikuwa akinitazama usoni. Nilimweleza kwa lugha nyepesi: kwamba Eino alikuwa akijibu na mimi nilikuwa nimeziba sikio la mashine yetu, na kwamba ningeangalia upande wangu wiki ile ya kwanza, barua ya Raymond ingefika Novemba. Nikamweleza pia kwamba mimi ndiye niliyezuia barua hiyo isirudishwe kwa mwanawe ili ajue haikufika.

Aili akamgeukia Eino.

"Nilikufungia mlango."

"Ulifunga, ndiyo."

"Ungesema."

"Ningesema nini? Sikujua."

Akanigeukia mimi. "Na wewe ulijua lini?"

Sikuwa nimelitegemea swali hilo. Bodi haikuniuliza.

"Tarehe tatu," nilisema. "Siku barua zilipopita."

"Leo ni ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Siku tisa," alisema Aili. Alisogeza makombo ya mkate kwa kidole, akayapanga ukingoni mwa sahani. "La Novemba nalielewa, binti. Mtu husahau. Hata kiburi chako nakielewa, mimi na Raymond tunacho cha kutosha kukuazima. Hizi siku tisa ndizo sizielewi."

Eino aliweka kikombe chini. Nilimwona akirudi nyuma kichwani mwake hadi tarehe tatu, kwenye simu ile, kebo ya nne, na maneno aliyoniambia akiwa bado anahema. Aliniangalia mara moja, akageukia dirisha, na masikio yake yakawa mekundu. Alikuwa anaona haya. Mimi ndiye niliyemdanganya, na yeye ndiye aliyeona haya kwa kuwa aliniomba radhi. Katika mambo yote ya majira yale ya baridi, hilo ndilo ninaloshindwa kulitazama hata sasa.

"Niliogopa," nilisema.

"Uliogopa nini?" aliuliza Aili, na nadhani alitaka kujua kweli.

Nilitafuta. "Kwamba mtaona kuwa sijui kazi yangu."

Aili aliinua birika akaongeza kahawa kikombe cha Eino, kisha, baada ya kusita, na changu.

"Mwandikie Raymond," alisema. "Wewe mwenyewe, kwa jina lako. Mimi nikimwandikia ataona natafuta visingizio. Na hizo siku tisa uziweke humo."

Niliiandika kesho yake asubuhi, na siku tisa nikaziweka. Kisha nikaandika nyingine kwa shule zote kumi na nne, ndefu kuliko ile ya Desemba. Wengi hawakujibu. Mwalimu mmoja wa Ely alijibu kwa methali ya kejeli kuhusu anayeona kibanzi kwenye jicho la jirani, na ilinistahili. Profesa Strand aliisoma nakala yake, akaikunja, na kwa wiki kadhaa hakunitembelea chumbani, kana kwamba nina ugonjwa wa kuambukiza.

Eino hakuiondoa barua yake ya kustaafu. Hadi Juni tuliendelea kuzungumza simuni kila ilipobidi, kwa adabu, kuhusu mashine tu. Mara moja nilijaribu kumwambia tena samahani. Alinikatiza kwa upole: "Ulishasema. Mtu akilehemu mahali pamoja mara nyingi, bati linatoboka." Sikurudia. Aliyechukua nafasi yake alikuwa kijana aliyetoka chuo kikuu, na kebo ya kwanza ya Eino, ile ya miezi kumi na minne, ndiyo iliyobaki ikifanya kazi mpaka mashine yenyewe ilipokufa.

Raymond alikaa wiki tatu bila kujibu. Halafu likaja jibu la neno moja, "Nimeipata." Baadaye Lempi, mke wa Eino, aliniambia alivyosikia kwa Aili, kwamba Raymond alikuja mwezi wa Aprili, akakaa siku mbili, wakagombana juu ya paa la nyumba, akaondoka asubuhi mapema. Agosti akaja tena. Mara hiyo alikaa wiki nzima na kulitengeneza hilo paa.

Akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege, alipita chuoni. Nilikuwa chumbani na bisibisi mkononi alipobisha. Mwanamume mrefu, mwenye shingo iliyoungua na jua la juu ya paa, aliuliza kama mimi ndiye Marlys Dahlgren. Nilipokubali, nilihisi damu ikipanda tena usoni. Nikaweka bisibisi chini nikingoja aseme alichokuja kusema.

Alitaka kuiona modemu. Nikamwonyesha. Aliitazama kidogo, ilikuwa kisanduku tu chenye taa tatu.

"Barua yako niliisoma siku ile ile," alisema. "Sikuijibu kwa sababu ilinikasirisha. Si wewe. Mimi." Aliingiza mikono mifukoni. "Mama aliponyamaza Novemba ile, nilishukuru. Nilikuwa nimeshasema nitakuja, na yeye ndiye amenyamaza, kwa hiyo kosa si langu tena. Tiketi ningeweza kununua bila jibu. Simu ningeweza kupiga. Nililala vizuri kabisa, Bi. Dahlgren, wiki saba zote. Halafu ukaja wewe na ukweli wako."

"Mama yako anajua?"

"Nilimwambia juzi, juu ya paa. Yeye alikuwa chini ameshika ngazi."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Aliendelea kushika ngazi."

Tulisimama hapo, watu wawili wazima, tukitazama sakafu. Nje wanafunzi wa majira ya joto walikuwa wakicheka kwenye nyasi. Baadaye akaangalia saa, akasema ndege haitamngoja. Nilimsindikiza hadi kwenye gari, nikamshikia mlango akiingia.